Geuza Jani

Daktari, kabla hujaandika,
nitazame.

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa bwana shamba,
zabibu za Hombolo, zabibu za Mpunguzi,
kwa pikipiki ya idara iliyostaafu kabla yangu.
Mkulima akiniletea jani lenye doa
sikumwambia, "Ni kiangazi, mama, zoea."
Nililigeuza.
Ubwiri vinyoya huishi chini ya jani.
Juu utaona umanjano tu, kama tone la mafuta,
lakini ugeuze: manyoya meupe, hai, yanakula.
Nilitoa lenzi mfukoni.
Niliuliza, limeanza lini? Shina la jirani je?
Umepulizia nini, na nani alikuuzia?
Ndipo nikaandika.

Wewe umeanza kuandika nikiwa bado mlangoni.

Mara ya kwanza, Februari, nilileta muwasho.
Mgongo, shingo, nyuma ya magoti;
usiku nilijikuna kwa gunzi la mahindi
mpaka shuka alilolifuma marehemu Foibe
likaota vidoa vya damu.
Kijana wa chumba namba tatu aliniuliza umri.
Sabini na nne.
Akatabasamu kama mtu aliyepata jibu.
"Ni uzee, babu. Ngozi nayo inachoka."
Akanipa tyubu nene kama kidole cha mtoto.
Mgongo wangu, daktari, ni ekari nzima.

Mara ya pili alikuwa mwingine, na kompyuta.
"Bima yako inasoma?"
Inasoma.
Siku ile hakuna kingine kilichosomwa.

Mara ya tatu nikawa fangasi.
Ya nne, mzio.
Ya tano nikaambiwa nioge maji mengi,
mimi ninayehesabu ndoo kama hela za ada.
Na daktari wa ngozi? Yuko semina, njoo Alhamisi.
Alhamisi ipi, hawakusema.
Nauli ya kwenda mjini na kurudi
ni debe la mtama, ukitaka kujua.

Dada yangu Sechelela akaleta mafuta ya alizeti kutoka Kibaigwa,
chupa ya soda, kizibo cha gunzi.
Muwasho ukapungua. Sikusema umepona.
Nimesema umepungua.

Halafu Jumapili iliyopita, nikitoka kufunga mbuzi,
mwiba wa mgunga ukapenya kandambili.
Mjukuu wangu Lechipya, darasa la tano,
akaukamata mguu wangu mapajani mwake
na pini ya nywele ya mama yake.
Akauchomoa mwiba. Hakuuachia mguu.
"Babu, na hiki cheusi?"
Kipi?
"Hiki, kwenye unyayo. Hakichomoki. Kimesambaa
kama wino kwenye daftari lililolowa."

Mara tano, daktari.
Mara tano nimekaa kwenye kiti hiki na viatu vyangu.

Sikuja kukutukana. Nimeihesabu foleni ya nje,
nimefika arobaini na sita, nikaacha.
Na mimi nina shamba langu la aibu:
Mpunguzi, mwaka wa mvua nyingi,
Mama Mnyampanda alinyoosha jani kwenye pikipiki.
Nilikuwa na haraka, wingu limekaa vibaya.
Nikasema ni jua. Wala sikuzima injini.
Kufikia Pasaka mashina yake sitini yalikuwa kuni.
Alinisalimia vilevile, miaka yote,
kwa heshima. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Basi leo nimevua viatu. Viko pale mlangoni,
mwenzako aliyepita amevishangaa.
Mguu nimeuosha kwa maji ya kunywa.
Kama ni uzee, sema ni uzee, nitakubali,
lakini useme ukiwa umeushika.

Miwani yako iko mfukoni, naiona.
Ivae.